ZAWADI YA KITABU: TUMPE NANI, TUMPE KIPI?



Sifa njema zote ni zake Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo, ndugu wazazi na wanafunzi wetu wapenzi, mwaka huu tumeona tuutumie ukurasa huu kuzungumzia jambo ambalo kwa nje linaonekana dogo, nalo ni kumpa mtu kitabu kuwa zawadi.

Wengi wenu mnakumbuka jinsi hafla zetu za kufunga mwaka zilivyokuwa. Aliyeshika nafasi ya kwanza alipewa chupa ya chai, wa pili ndoo yenye mfuniko, wa tatu sahani nusu dazeni, na waliobaki daftari na kalamu. Hatusemi kwamba zawadi zile zilikuwa mbaya. Mama mmoja alituambia juzi kwamba chupa aliyopewa mwanawe bado inatunza moto mpaka leo, na wenye chupa za siku hizi mtatuelewa. Lakini walimu tulikaa tukaulizana: hii ni madrasa, nyumba ya kusoma, mbona mtoto aliyefaulu kusoma tunampa ndoo? Tukakata shauri kwamba kuanzia mwaka unaofuata zawadi zetu zote ziwe vitabu.

Tukakosea. Na kosa lenyewe tunalieleza hapa bila ya kuficha kwa sababu tunaona familia nyingi huliingia kwa mlango ule ule tulioingilia sisi.

Mwaka ule tulikwenda dukani na fedha za wazazi wenye kheri, tukachagua kitabu kimoja cha fiqhi kilichotafsiriwa kwa Kiswahili, kinene, jalada gumu, maandishi ya dhahabu mgongoni. Tukanunua nakala arobaini. Ilikuwa rahisi: kitabu kimoja, bei moja, risiti moja, wala hakuna mtoto atakayesema fulani kapewa kizuri kuliko changu. Tukavipiga mhuri wa madrasa ukurasa wa kwanza na ukurasa wa mia, kama tulivyozoea kuvifanyia vitabu vya maktaba. Siku ya hafla watoto wakapanda jukwaani, wakashikana mikono na mgeni rasmi, picha zikapigwa. Tulirudi nyumbani tumeridhika.

Miezi minane baadaye, baada ya sala ya Alasiri, mmoja wetu alimtuma mtoto karanga. Zikaja katika karatasi iliyokunjwa kama pembe. Zilipokwisha akaikunjua ile karatasi, akaona mhuri wetu. Ulikuwa ule ukurasa wa mia, mlango wa saumu, na jina la Allah limetajwa mara tatu juu yake, limeshikwa na chumvi na maganda.

Tulimfuata kijana muuza karanga pale kwenye kona.

"Shikamoo maalim."

"Marahaba mwanangu. Haya makaratasi umeyapata wapi?"

"Nimenunua kwa kilo, maalim. Kuna mama alikuwa anahama, akauza magazeti na madaftari ya watoto."

Kijana hakuwa na kosa. Na yule mama naye hatukumlaumu sana. Alikuwa anahama, nyumba imejaa vitu, na kile kitabu kilikaa chini ya magazeti tangu siku ya hafla. Tulinunua mzigo wote uliobaki, tukachambua karatasi zenye majina matukufu, tukazichoma mahali pasafi na kuyafukia majivu, kama wanavyuoni walivyoelekeza.

Mtoto mwenyewe alikuwa na miaka kumi na moja. Tulimwuliza bila ya kumgombeza. Akainamisha kichwa akasema, "Maalim, nilianza. Maneno yake makubwa." Basi tukakichukua kitabu kile tukajaribu kukisoma kama tutakavyokisoma tungekuwa na umri wake. Ukurasa wa kwanza tu ulikuwa na istilahi za usuli ambazo sisi wenyewe hatuzifundishi mpaka darasa la juu kabisa. Tulimpa mtoto mzigo, tukauita zawadi. Tulipowauliza wale wengine mmoja mmoja, waliokimaliza walikuwa wachache, na wote walikuwa ni wale wakubwa.

Aliyetufungua macho ni mama mmoja wa kamati yetu ya chakula. Alitusikia tukijadiliana barazani, akacheka. "Nyie walimu," alisema, "mkienda kumnunulia mtu kanga, mnachukua doti yoyote iliyo mbele, ama mnasoma jina kwanza?"

Hakika hapa ndipo penye siri yote. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina. Mama zetu hawanunui kanga ya zawadi kwa rangi peke yake. Wataipekua, watalisoma jina, watajiuliza: huyu ninayempelekea ataelewaje maneno haya? Ya harusi hayapelekwi msibani, ya shoga hapelekewi mkwe. Mtu anaweza kusimama dukani nusu saa kwa ajili ya doti moja. Lakini mtu huyo huyo akiambiwa anunue kitabu atamwuliza mwenye duka, "Una kitabu kizuri?" na atachukua kile anachopewa. Kitabu kina maneno mengi kuliko kanga, nacho twakinunua bila ya kusoma hata jina lake sawasawa!

Na wala jambo hili la maneno kumfuata mtu wake si geni kwetu watu wa pwani. Mwaka 1858 Mwana Kupona, mke wa Bwana Mataka wa Siyu, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utenzi wa beti zaidi ya mia moja ili awe nao baada yake. Hakuutunga kwa ajili ya watu wote. Aliutunga kwa ajili ya msichana mmoja, akijua umri wake na ndoa inayomngoja, na kwa sababu ulimfaa yule mmoja ndiyo maana umewafaa wengi mpaka leo. Huko huko Siyu, katika kisiwa cha Pate, kulikuwa na mafundi waliokuwa wakinakili Misahafu kwa mkono na kuipamba kwa wino wa rangi. Na katika msikiti wa Riyadha kule Lamu, ulioasisiwa na Habib Swaleh, vimehifadhiwa vitabu vya zamani, na baadhi yake vina maandishi ya wakfu mwanzoni, kwamba kitabu hiki kimewekwa kwa ajili ya wanafunzi. Mtu alitoa kitabu akijua kitasomwa na nani. Miaka mingi imepita na jina lake bado lipo pale.

Basi kabla ya kutoka nyumbani kwenda kununua, kwanza mfikirie mtu. Umri ni jambo la mwanzo lakini haumalizi kazi, kwani watoto wawili wa miaka kumi wanaweza kutofautiana kama usiku na mchana. Yupo anayesoma kitabu kizima kwa jioni moja na yupo anayefuata mstari kwa kidole. Njia tunayoitumia sasa ni hii: mpe mtoto ukurasa mmoja asome kwa sauti. Akikwama kwenye maneno matatu manne, kitabu kile bado kwake. Mtafutie chepesi zaidi wala usione haya. Kitabu chepesi kilichosomwa mara tano ni bora kuliko kizito kilichofunguliwa mara moja, na mtoto anayemaliza kitabu huomba kingine mwenyewe.

Kisha mfikirie anapenda nini. Hapa wazazi wengine hukunja uso. Wanaona kwamba kumpa mtoto wa madrasa kitabu kisichokuwa cha dini ni kupoteza fedha. Sisi hatuoni hivyo. Mtoto anayependa samaki mpe kitabu cha samaki na bahari, anayechezea redio mbovu mpe kitabu cha umeme. Mwanafunzi anayeingia kidato cha kwanza hana zawadi kubwa kuliko kamusi, iwe Kamusi ya Kiswahili Sanifu ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1981, au Kamusi Kuu ya BAKITA iliyotoka mwaka 2015. Elimu yenye manufaa ni pana. Tunachoomba tu ni kwamba mtoaji akipitie kwanza yeye mwenyewe, kwani vipo vitabu vyenye majalada ya kuvutia ambavyo ndani yake muna mambo asiyotaka mtoto wake ayakute.

Kwa vijana wanaopenda hadithi, Mzee Shaaban Robert wa hapa hapa Tanga (alizaliwa 1909, akafariki 1962) ametuachia Adili na Nduguze, kisa cha mtu aliyefanyiwa hiana na ndugu zake wawili naye akabaki anawapenda. Kinafaa sana kupeana ndugu kwa ndugu. Kwa watu wazima wanaopenda kujua walikotoka wazee wao wa elimu, kipo kitabu cha Sheikh Abdullah Saleh Farsy juu ya wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika ya Mashariki, alichokitoa mwaka 1972. Tuliwahi kumpelekea mzee mmoja kitabu hicho. Alikifungua katikati, akakuta jina la mwalimu wa baba yake. Hakuzungumza na sisi tena alasiri ile. Chai ilipoa mbele yake. Na tafsiri ya Qur'ani Tukufu ya Sheikh Farsy huyo huyo, iliyochapishwa yote pamoja mwaka 1969, imeingia katika nyumba nyingi sana za Waswahili, kwa hiyo kabla ya kuinunua uliza kwanza kama hawanayo. Nyumba yenye nakala tatu na jirani hana hata moja, hilo nalo si jambo zuri.

Mgonjwa ana hukumu yake. Usimpelekee kitabu kizito. Mtu aliyelala hawezi kukiinua juu ya kifua chake. Mpelekee chembamba, chenye milango mifupi ambayo ataisoma baina ya dawa na usingizi, na maandishi yake yawe makubwa. Anayesafiri kwenda Hijja mpe kitabu cha manasiki cha mfukoni, lakini mpe miezi mitatu kabla, siyo uwanja wa ndege. Jirani au rafiki asiyekuwa Muislamu naye mpe kitabu, na mpe anachokipenda, maana zawadi ni haki ya jirani yeyote.

Sasa tuje kwenye jambo linalotusumbua zaidi, nalo ni kitabu kilichogeuka kuwa kijembe. Tunamjua bibi harusi mmoja ambaye wiki ya kwanza ya ndoa yake aliletewa na wifi yake kitabu kuhusu haki za mume juu ya mke. Kitabu chenyewe ni kizuri, tumekisoma. Lakini wifi mtu hakumpelekea kaka yake kitabu cha haki za mke juu ya mume, nacho kilikuwepo kwenye rafu ile ile ya duka lile lile. Bibi harusi alikipokea, akashukuru kwa adabu, akakiweka. Hakumzuru wifi yake mpaka Sikukuu. Tulipomwuliza wifi baadaye alisema nia yake ilikuwa njema, na tunamwamini. Angewapa maharusi vyote viwili katika karatasi moja, wakavisoma pamoja, pasingekuwa na neno.

Ni hivyo hivyo kumpa mtu mnene kitabu cha kupunguza mwili, au kumpa mwenye madeni kitabu cha ubaya wa deni, au kijana aliyeanza kuchelewa kurudi nyumbani akapewa kitabu cha adhabu ya kaburi siku ya Idd mbele ya wageni. Nasaha ina mahali pake na namna yake, na wanavyuoni wamesisitiza kwamba itolewe faraghani. Ukiifunga kwenye karatasi ya maua na kuiita zawadi, umemvunjia mtu heshima halafu unataka akushukuru. Kipimo chetu ni hiki: kama unaona haya kumwambia mtu maneno ya kitabu kile kwa mdomo wako, usimpelekee kitabu kimwambie kwa niaba yako.

Wazazi wenye watoto wengi wana mtihani mwingine. Mnakijua kisa cha Nu'man bin Bashir (r.a.), ambaye baba yake alimpa kitu, na mama yake akataka Mtume (s.a.w.) awe shahidi wa zawadi ile. Mtume (s.a.w.) akamwuliza Bashir kama watoto wake wote amewapa mfano wake. Aliposema hapana, Mtume (s.a.w.) akakataa kushuhudia na akahimiza uadilifu baina ya watoto. Kisa hiki kipo katika Bukhari na Muslim. Sisi tulidhani tumekifuata tuliponunua vile vitabu arobaini vinavyofanana. Baadaye tukajifunza kwamba kumnunulia mtoto wa miaka sita na wa miaka kumi na sita kitabu kimoja si uadilifu. Mmoja umempa, mwingine umemnyima. Uadilifu wa vitabu ni kwamba kila mtoto aone umemtafutia yeye kwa juhudi ile ile. Kama mmoja umezunguka maduka matatu kwa ajili yake, basi na mwingine usimwokotee kilichobaki kaunta. Watoto wanalijua hilo upesi sana, kuliko tunavyowadhania.

Juu ya bei hatuna maneno mengi. Aliyetumia fedha nyingi kwa kadi na ukumbi hawezi kutuambia kitabu ni ghali. Asiyekuwa nacho kweli naye ana njia: vitabu vilivyotumika huuzwa kando ya barabara, kwa mfano maeneo ya Posta jijini Dar es Salaam, na ukiwa na subira utapata kizuri kwa bei ya chakula cha mchana. Mwanafunzi asiyekuwa na senti anaweza kumpa mwenzake kitabu chake mwenyewe alichokwisha kukisoma, au akamnakilia kwa hati nzuri dua kumi katika daftari jipya. Mtume (s.a.w.) ametukataza kudharau zawadi ya jirani hata ikiwa ni kwato ya mbuzi.

Lakini msidurufu kitabu kizima cha mtu aliye hai mkakigawa. Tunajua inafanyika, hata baadhi ya madrasa zinafanya. Mwandishi amekaa miaka akiandika, na mchapaji ametia mtaji wake. Tukitaka vitabu vizuri vya Kiswahili viendelee kuandikwa hatuna budi kuvinunua.

Ukishachagua, kikague kabla ya kulipa. Vifungue vitabu vyote, siyo cha juu peke yake. Tumewahi kununua kitabu ambacho ukurasa wa 32 ulifuatiwa na ukurasa wa 49, na kingine ambacho karatasi kumi na sita zilishonwa juu chini. Kwa Msahafu ukaguzi ni mkubwa zaidi, maana kurasa zikikosekana au zikipishana ni jambo zito. Tafuta mwishoni tamko la kamati iliyousahihisha. Na ukikuta Msahafu au kitabu kimeandikwa kwamba ni wakfu na hugawiwa bure, kama ilivyo mingi ya ile inayotoka kwenye kiwanda cha Mfalme Fahd kule Madina kilichofunguliwa mwaka 1984, huo si wa kuuza wala kununua. Ukipewa, upokee, na usipouhitaji mpatie anayeuhitaji.

Halafu andika ndani. Watu wengi siku hizi hutoa kitabu kitupu, kama kimetoka dukani sasa hivi. Katika ule ukurasa mweupe wa mwanzo andika jina la unayempa, sababu ya kumpa, tarehe ya Hijria na ya Miladia, na dua fupi. Isizidi mistari minne. Usiandike tu "Kwa kumbukumbu", andika kitu kinachomhusu. Mwanafunzi wetu mmoja alimwandikia mdogo wake hivi: "Umemaliza Juzuu Amma kabla ya mimi nilipoimaliza. Allah akuzidishie. Hiki nilikisoma usiku mbili, wewe sema ulikisoma ngapi." Yule mdogo alikimaliza kwa usiku mmoja ili amshinde kaka yake. Kwenye Msahafu, hata hivyo, usiandike juu ya kurasa za Qur'ani. Weka kadi ndani yake.

Tunaulizwa pia kuhusu vitabu vya kwenye simu. Ni neema, hatuikatai. Lakini mwenzetu mmoja alitumiwa vitabu mia tatu kwa mpigo katika kundi la WhatsApp, na mpaka leo anapoulizwa amesoma kipi anajibu kwamba vyote anavyo. Kama unataka kumtumia mtu kitabu kwa simu, mtumie kimoja, umwambie kwa nini umemchagulia hicho, na umwulize baada ya wiki mbili amefika wapi. Hapo itakuwa zawadi.

Tumebakisha habari ya wanafunzi wetu mmoja wa kike, ambayo tumepewa ruhusa na familia yake kuisimulia. Alipofaulu mtihani wake alitaka kumpa bibi yake zawadi kwa fedha alizotunzwa. Akanunua Maisha ya Nabii Muhammad cha Sheikh Farsy. Bibi alikipokea kwa mikono miwili, akakibusu, akakiweka juu ya kabati na kukifunika kwa kitambaa cheupe. Kikakaa pale miezi mitatu. Mtoto akaja kwetu ananung'unika kwamba bibi hakukipenda.

Tulimwuliza: bibi yako anasoma herufi gani? Akanyamaza. Bibi zetu wengi hapa pwani walisoma chuoni tu. Msahafu wanausoma vizuri kuliko baadhi yetu, na wengine huandika barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, lakini ukiwapa gazeti wanakuomba uwasomee. Mtoto alikuwa amempa bibi yake kitabu kilichofungwa kwa kufuli, na ufunguo ulikuwa kwake mwenyewe.

Basi kuanzia wiki ile, kila Alhamisi baada ya Magharibi, alikiteremsha kitabu akamsomea kurasa mbili tatu. Yeye mwenyewe alikuwa na kigugumizi cha kusoma mbele ya watu. Bibi alikuwa akimsahihisha majina ya masahaba, maana hayo aliyajua kwa moyo, na akimsimulia jinsi chuo chao kilivyokuwa: ubao, wino, na fimbo ya maalim. Wajukuu wengine wakaanza kuja kukaa mkekani. Mama wa mtoto alituambia kwamba kwa muda ule televisheni ilikuwa ikizimwa bila ya mtu kuamrishwa.

Walifika kwenye Hijra. Kisha bibi akaugua, na Allah akamchukua kabla hawajakimaliza, Allah amrehemu. Baada ya siku arobaini mtoto alikuja na suali ambalo hatukulitarajia. Kitabu kile, alisema, nilimpa bibi mimi. Je, naweza kukichukua nikaendelea kusoma?

Tulimjibu kama sheria inavyosema. Ulipompa naye akakipokea, kilikwisha kuwa mali yake, na zawadi hairudiwi, Mtume (s.a.w.) amelikemea jambo hilo kwa maneno makali. Sasa ni katika vitu alivyoviacha, nacho ni cha warithi mpaka wao waamue. Tulimwona amesikitika, lakini hatukuweza kumwambia lingine. Akaenda kuwauliza wajomba zake na mama yake. Wakakaa, wakakubaliana wote, na mjomba wake mkubwa akamkabidhi kitabu mbele ya wengine, kikiwa bado na uzi mweusi pale walipoishia. Juu ya ukurasa mweupe, chini ya maandishi yake mwenyewe ya mwanzo, mjomba aliongeza mstari mmoja na tarehe.

Alhamisi iliyofuata alianza tena kutoka kwenye ule uzi, na mjomba alikuwa amekaa mkekani.

Mwaka huu, inshallah, hafla yetu haitakuwa na kitabu kimoja kwa wote. Wiki mbili kabla tutapanga meza katika darasa la tatu, na vitabu vitakavyoweza kupatikana vitawekwa hapo. Kila mwanafunzi atakayestahiki zawadi ataingia na mwalimu wake, atasoma kurasa mbili kwa sauti, na atachagua. Wazazi wanaotaka kuchangia tunawaomba walete kitabu walichokisoma wenyewe, na waandike ndani yake kinamfaa mtoto wa aina gani. Wasiojua kuandika waje watwambie, sisi tutawaandikia.

Wabillahi tawfiiq.